Kamina: Bastola ya kujilinda, sheria inaruhusu nini na hatari iko wapi?

Jua linapozama Kamina, wenye maduka huhesabu mauzo haraka haraka na kufunga milango. Wengi wao wanabeba noti zao mfukoni hadi nyumbani, kwa miguu au kwa pikipiki, katika barabara zisizo na taa. Mbadilisha fedha, mwenye duka la dawa na mama anayeuza mahindi kwa jumla wanajua jambo moja: aliyewaona wakihesabu mchana anaweza kugonga mlango usiku.

Ndiyo sababu swali moja linarudi kila baada ya habari ya nyumba kuvamiwa: je, raia ajitafutie bastola?

Swali hilo wanajiuliza pia watu wa Lubumbashi, Kalemie, Goma na Bukavu. Jibu lake lina sehemu tatu. Sheria ya Kongo haimfungii raia mlango kabisa, lakini inamtaka awe na ruhusa kabla ya kushika silaha. Silaha inayopatikana kwa urahisi zaidi mitaani ndiyo ile ambayo sheria inaiadhibu kwa ukali zaidi. Na hata bastola yenye karatasi zote, katika nyumba iliyovamiwa usiku na watu kadhaa, mara nyingi haifanyi kazi ambayo mwenyewe aliitarajia.

Mji ulioishi karibu na silaha

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu Katanga kugawanywa mwaka 2015, si mji mgeni kwa bunduki. Hapa ndipo reli ya kutoka Lubumbashi inapogawanyika, njia moja ikienda Ilebo kupitia Kananga, nyingine ikielekea Kabalo na Kalemie. Nje ya mji kuna kituo kikubwa cha kijeshi kilichojengwa na Wabelgiji kabla ya uhuru, na ambacho kila serikali iliyofuata imekitumia. Katika miaka ya 2010, Kamina ilikuwa pia moja ya sehemu tatu, pamoja na Kitona na Kotakoli, walikopelekwa wapiganaji wa zamani wa makundi ya mashariki waliokubali kuweka silaha chini.

Kabla ya hapo, vita vya Mai-Mai vilipita katika vijiji vya kaskazini mwa Katanga, na maelfu ya watu waliyakimbia mashamba yao. Mwaka 2004, Kamina ilipokea mkutano wa amani ulioongozwa na askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kanisa la Methodiste, ambako kiongozi wa Mai-Mai aliyejulikana kama Chinja-Chinja alikubali kuja kuzungumza.

Vita vya namna hiyo vinapokwisha, silaha haziondoki zote. Nyingine hufichwa, nyingine huuzwa, nyingine hukodishwa kwa usiku mmoja. Wakaaji wa Goma na Bukavu waliona jambo hilo tena mwaka 2025: miji hiyo ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza na wa pili, silaha zilizoachwa kambini ziliokotwa na raia, hata watoto, na wizi wa kutumia bunduki ukaendelea katika mitaa.

Kwa hiyo anayeambiwa Kamina kwamba kuna mtu anaweza kumpatia bastola kwa bei nzuri, ajiulize kwanza bastola hiyo ilitoka wapi.

Sheria ya mwaka 1985

Sheria kuu inayohusu silaha nchini ni ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, iliyowekwa wakati wa Mobutu, nchi ikiitwa Zaire. Chini ya utaratibu huo, silaha za vita ni za jeshi na polisi. Raia anayetaka silaha ya aina nyingine, kwa uwindaji au kwa kujilinda, anahitaji ruhusa ya serikali. Kumiliki bunduki si haki ya raia kama ilivyo katika katiba ya Marekani. Ni ruhusa inayotolewa kwa mtu, kwa silaha fulani, na inayoweza kuondolewa.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ruhusa haiambatani na familia: mume akisafiri, mke au sentinele hawezi kuibeba bastola yake kwa sababu tu iko ndani ya lupango. Barua ya afisa rafiki si ruhusa. Neno la chifu si ruhusa. Na silaha iliyonunuliwa kwa mtu binafsi bila karatasi haiwi halali kwa sababu mnunuzi ni mtu mwema.

Hata makampuni ya ulinzi ya binafsi, yale yanayolinda maghala na ofisi, walinzi wao hawaruhusiwi kubeba bunduki. Mteja anayetaka ulinzi wenye silaha hupewa askari polisi, ndiyo maana mbele ya benki mlinzi wa kampuni anasimama na fimbo, na pembeni yake polisi na bunduki.

Adhabu inakuwa nzito zaidi silaha ikiwa ya vita. Sheria mbili za tarehe 18 Novemba 2002, moja ya utaratibu wa mahakama za jeshi na nyingine ya makosa ya kijeshi, zinaruhusu raia kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kushika au kutumia silaha ya vita kinyume cha sheria. Mwenye duka aliyenunua AK-47 au bastola iliyotoka katika stoo ya jeshi, hata kama hajawahi kumtishia mtu, anaweza kujikuta amesimama mahali pale pale wanapohukumiwa majambazi anaowaogopa.

Nchi jirani hazitofautiani sana katika msingi huo. Kenya ina bodi ya kutoa leseni za silaha, na anayeomba lazima aeleze kwa nini anaihitaji, kisha aifanye upya leseni yake. Tanzania ilitunga sheria mpya ya silaha na risasi mwaka 2015. Kongo, pamoja na majirani hao, ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, inayotaka silaha ndogo zitiwe alama, ziandikwe na zifuatiliwe. Kinshasa iliunda tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo mwaka 2008. Tofauti kubwa iko katika utekelezaji: mbali na miji mikubwa, raia anayetaka kufuata sheria hupata njia ndefu, na anayetaka kuivunja hupata njia fupi.

Ni silaha gani watu wanafikiria?

Watu wanaposema bastola, mara nyingi wanachanganya vitu vinne.

Cha kwanza ni bastola ya kisasa, ile inayopakiwa kwa magazini ndani ya mpini. Nyingi zinatumia risasi za milimita 9 na hubeba kati ya 10 na 17. Katika Kongo, inayojulikana kwa miaka mingi ni Browning GP ya Ubelgiji, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1935 mjini Herstal, na inayobeba risasi 13. Cha pili ni revolva, yenye kizunguko cha risasi tano au sita. Ni nyepesi kuelewa na haikwami kwa urahisi, lakini risasi zake huisha mapema. Cha tatu ni kalibre 12 ya mwindaji, ya kiwandani au ya kutengenezwa na fundi wa kijiji. Ile ya fundi ni hatari hata kwa mpigaji, maana bomba lake linaweza kupasuka mbele ya uso wake. Cha nne ni AK-47, ambayo kwa raia haina njia halali kabisa.

Anayechagua kati ya vitu hivi mara nyingi hutazama bei na ukubwa. Mambo mengine matatu yana uzito zaidi: je, risasi halali zinapatikana, ili aweze kufanya mazoezi na si kuzihifadhi tu? Je, mkono wake unaushika mpini vizuri na kidole kinafikia kitufe bila kujilazimisha? Na je, nyumba yake ina mahali pa kuifungia kwa ufunguo? Akijibu hapana kwa moja, silaha hiyo itakuwa mzigo.

Kuna pia suala la kuta. Mlango wa mbao na ukuta wa bati havisimamishi risasi ya milimita 9. Katika mitaa ambako malupango yamebanana, risasi iliyomkosa mwizi huendelea hadi kwa jirani, na mara nyingine hadi chumba cha watoto wa mpigaji mwenyewe.

Sekunde moja na nusu

Mwaka 1983, mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, alipima muda ambao mtu mwenye kisu anahitaji kufikia mlengwa aliye umbali wa mita sita na nusu hivi. Jibu lilikuwa karibu sekunde moja na nusu. Muda huo ndio askari aliyefunzwa, na bastola kiunoni, anauhitaji kuichomoa na kupiga.

Sasa tuiweke hesabu hiyo Kamina. Mwenye nyumba amelala. Bastola haiko kiunoni. Iko juu ya kabati au chini ya godoro. Umeme haupo. Wavamizi ni watatu au wanne, wako macho, wanajua wanachokitaka, na mmoja ana AK yenye magazini ya risasi 30. Wameingia kabla mwenye nyumba hajajua kama anaota.

Hata polisi waliofunzwa hukosa. Uchunguzi wa taasisi ya RAND uliotolewa mwaka 2008 ulihesabu risasi za polisi wa New York kati ya 1998 na 2006. Katika mapambano ambako upande wa pili pia ulikuwa unapiga, risasi zilizompata mlengwa zilikuwa 18 kwa 100. Pale ambapo hakuna aliyewarudishia risasi, zilifika 30 kwa 100. Hao ni watu wenye mishahara, viwanja vya kulenga shabaha na mitihani ya kila mwaka.

Hii haina maana kwamba bastola haijawahi kumwokoa mtu. Imewaokoa wengine, hasa pale mvamizi alipokuwa peke yake, bila bunduki, na mwenye nyumba alikuwa na muda wa kujiandaa. Lakini aina hiyo ya wizi siyo inayowatoa usingizi wenye maduka wa Kamina.

Baada ya risasi

Tuseme mwenye nyumba amepiga na mwizi ameanguka. Asubuhi, swali la hakimu halitakuwa kama marehemu alikuwa mtu mbaya.

Kanuni ya adhabu ya Kongo, ambayo msingi wake ni dekrete ya tarehe 30 Januari 1940, haina kifungu maalumu kinachoeleza kujilinda kihalali, kile mawakili wanachokiita légitime défense. Mahakama na walimu wa sheria wanaikubali kama kanuni ya jumla, na wanaitazama kwa masharti. Shambulio liwe la kweli, lisilo la haki, na linatokea wakati ule ule au linakaribia kabisa. Kujilinda kuwe kwa lazima, bila njia nyingine ya kujiokoa. Na nguvu iliyotumika ilingane na hatari.

Mwizi anayeruka ukuta akikimbia na redio hana tena hatari kwa maisha ya mtu. Anayempiga risasi ya mgongo hajilindi, analipiza. Vivyo hivyo kwa umati unaomchoma moto mwizi aliyekwisha kukamatwa, jambo linalotokea mara nyingi katika miji yetu na ambalo mbele ya sheria ni mauaji.

Na kama bastola yenyewe haikuwa na ruhusa, mpigaji anaweza kushinda kesi ya kifo na bado akafungwa kwa ile ya silaha.

Hatari iliyo ndani ya nyumba

Kesi ya Oscar Pistorius wa Afrika Kusini inajulikana duniani kote. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, mkimbiaji huyo, aliyekuwa na bastola yenye leseni na aliyezoea kulenga shabaha, alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria. Alisema alidhani kuna mwizi. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mwisho wa rufaa, alihukumiwa kwa mauaji, kifungo cha miaka 13 na miezi mitano. Aliachiliwa kwa masharti mwezi wa kwanza 2024.

Takwimu zinakwenda upande huo huo. Utafiti mkubwa wa jimbo la California uliotangazwa mwaka 2022 ulilinganisha watu wazima wanaoishi na mwenye bastola na majirani wao wasio na silaha nyumbani. Wale wanaoishi na mwenye bastola waliuawa mara mbili zaidi. Hatari ya kupigwa risasi na mume, mke au mpenzi ilikuwa mara saba zaidi, na wengi wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake.

California si Kamina. Lakini ugomvi wa ndoa, pombe, mtoto anayepekua kabati na kijana aliyekata tamaa viko pande zote mbili. Mwizi anaweza kuja mara moja katika miaka kumi, au asije kabisa. Bastola inalala nyumbani kila usiku.

Kisha kuna siri. Katika mtaa, bastola haifichiki muda mrefu. Mtoto anamwambia rafiki, sentinele anamwambia ndugu. Kwa majambazi, bastola yenyewe ni mali, pengine kuliko fedha iliyo dukani. Nyumba inayojulikana kuwa na bastola inaweza kuvamiwa kwa sababu ya bastola hiyo, na wanaokuja watakuja wakipiga.

Walioziacha silaha

Katikati ya miaka ya 2000, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, aliyekuja kuongoza tume ya uchaguzi mwaka 2011, lilizunguka kaskazini mwa Katanga likiwaambia waliokuwa na bunduki: lete silaha, uchukue baiskeli. Wengi walileta. Katika jimbo ambako baiskeli inabeba mahindi, mihogo, samaki wa mto na hata wagonjwa, hesabu ilikuwa rahisi. Bunduki ilimletea mtu hofu na kifungo, baiskeli ilimletea kipato.

Zoezi hilo halikumaliza silaha zote. Lakini lilionyesha kwamba raia wa jimbo hili, wakipewa kitu cha maana badala yake, wanaweza kuachana na bunduki.

Kinachosaidia bila risasi

Wezi wa Kamina wanafuata fedha taslimu. Kuipunguza ndiyo hatua ya kwanza. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zina ada, na mtandao hukatika, lakini mauzo yaliyo kwenye simu yenye namba ya siri hayaonekani mfukoni. Asiyeweza kuepuka noti anaweza kubadilisha saa na njia ya kurudi nyumbani, asihesabu mbele ya wateja, na asitembee peke yake.

Hatua ya pili ni mlango. Chuma, kufuli la ndani, mbwa, na taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha havimzuii jambazi milele, lakini vinampunguzia muda, na muda ndio unaowaamsha majirani.

Ya tatu ni majirani wenyewe. Katika miji mingi ya mashariki na ya Katanga, wakaaji wamezoea kupiga masufuria na firimbi nyumba ikivamiwa, hadi avenue nzima inaamka. Njia hiyo haina gharama na haimuui jirani kwa makosa. Sharti lake ni makubaliano ya mapema: nani anampigia polisi simu, nani anabaki ndani, na kwamba mwizi akikamatwa anapelekwa polisi akiwa hai.

Ya nne inaihusu serikali. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 52, inawapa Wakongomani wote haki ya amani na usalama. Sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 inazungumzia polisi wa karibu na raia. Wakaaji wana haki ya kumwuliza meya na kamanda wa polisi ni doria ngapi zinapita usiku, katika mitaa gani, na silaha za askari zinarudishwa wapi zamu ikiisha. Raia wengi wanatafuta bastola kwa sababu walipiga simu usiku na hakuna aliyefika.

Kwa anayeamua hata hivyo

Kuna watu ambao, baada ya kusoma yote haya, wataona bado wanaihitaji, na hali ya kila mmoja anaijua mwenyewe. Kwao, utaratibu ni huu: ruhusa kwanza, silaha baadaye. Wamwone wakili kabla ya muuzaji. Wasinunue kwa askari, kwa mpiganaji wa zamani wala kwa rafiki wa rafiki. Wajifunze kwa mtu mwenye ujuzi, na waendelee kufanya mazoezi.

Nyumbani, kanuni ni chache na hazina ruhusa ya kusahaulika. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo wake usielekezwe kwa mtu. Kidole kisiguse kitufe kabla ya uamuzi wa kupiga. Mpigaji ajue aliye mbele yake na aliye nyuma ya ukuta. Silaha ikae chini ya ufunguo, na isishikwe na mtu aliyekunywa.

Na kabla ya yote, wazungumze na mke au mume. Yeye pia atalala katika chumba hicho, na ana haki ya kusema hapana.